Mbweha Awindaye kwa Masikio

Tukisikia jina la mbweha, mara twamwaza mwizi wa kuku na wa watoto wa mbuzi. Neno hilo si uongo kwa yule mwenye mgongo mweusi. Yeye huwinda pamoja na mkewe: mmoja humchokoza mama wa swala hata amkimbize, na mwenzake humnyakua mtoto aliyelala majanini. Lakini katika nyanda za Serengeti, nchini Tanzania, yuko mbweha mwingine, mdogo wa mwili, ambaye masikio yake huweza kufika sentimeta 13, na uwindaji wake ni wa namna nyingine kabisa.

Huyu hashindani mbio na mtu. Usiku hutembea polepole, ameinamisha kichwa, na masikio ameyaelekeza chini, akisikiliza. Mchwa watokapo ardhini kukata majani, yeye husikia mchakacho wao. Tena humsikia funza wa mdudu yule avingirishaye mavi, angali amefichwa ndani ya donge lake. Hapo husimama, huchimba kwa kucha za mbele, na kula. Meno yake ni madogo, ila hupata 46 hata 50, hali mbwa wa nyumbani anayo 42 tu. Na taya lake huenda upesi kama sindano ya cherehani.

Basi mchwa hawachukuliki nyumbani kama lichukulikavyo paja la swala. Kwa hiyo mama hana budi kuzunguka karibu usiku kucha akila, apate maziwa ya kunyonyesha, na baba ndiye akaaye mlangoni pa shimo, akiwalinda watoto na kuwasafisha manyoya. Wataalamu waliowaangalia huko Serengeti waliona ya kuwa kadiri baba akaavyo zaidi shimoni, ndivyo watoto wengi zaidi wanavyopona. Twawaomba akina baba wayasome maneno hayo mara mbili.

Katika miaka ya 1980 kichaa cha mbwa kiliwaua wengi wao huko, na ugonjwa huo hudumu hasa katika mbwa wa vijiji vya kandokando. Mwenye mbwa na ampeleke kuchanjwa. Na mbweha akionekana usiku karibu na zizi, yatazamwe kwanza masikio yake kabla ya kushika rungu. Huenda amefuata funza walio katika mavi ya ng'ombe.