Mlenda si Mboga ya Kuonewa Haya

Mtumishi wa umma anapohamishiwa Tabora kutoka pwani au kutoka Kilimanjaro hupokewa vizuri. Huletewa asali, huonyeshwa miembe ya zamani, husimuliwa habari za Mtemi Isike na Mtemi Mirambo, na siku ya kwanza anapoalikwa chakula huwekewa bakuli la mlenda. Hapo ndipo ugeni wake hujitokeza. Tonge huchovywa, utelezi hufuata mkono kutoka bakulini hadi kidevuni, naye mgeni huanza kutafuta kwa macho kama kuna maharage mezani. Wenyeji hucheka, yeye naye hucheka, na shughuli huendelea.

Kicheko hicho hakina ubaya wowote. Ubaya uko katika yanayofuata. Mgeni hurudi nyumbani kwake na kuamua kwamba wanawe hawatakula kitu hicho. Wenyeji nao, hasa waliosoma, huanza kuuficha mlenda wanapotarajia wageni, kana kwamba ni nguo iliyochanika. Matokeo yake ni kwamba jamaa wanaoishi Isevya au Ng'ambo hununua kabichi iliyosafirishwa kwa lori kutoka mikoa ya mbali, huku mlenda ukiota wenyewe kando ya ua wao bila kupandwa na mtu. Fedha hutoka mfukoni, na kinachoingia tumboni ni hafifu kuliko kilichoachwa nje. Kabichi nyeupe haina vitamini A ya kutajika. Jani la kijani kilichokoza linayo kwa wingi, pamoja na madini ya chokaa na ya chuma.

Jambo hili si la mzaha. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba watoto 34 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha 30. Maendeleo yapo, lakini karibu mtoto mmoja katika kila watatu bado hafikii kimo anachostahili, na mikoa inayolima chakula kingi haikuepuka balaa hilo. Ghala linaweza kujaa mahindi na mtoto akadumaa kwa sababu sahani yake ina ugali mwingi na kitoweo haba. Mlenda peke yake hautaondoa udumavu, na anayeuuza kama dawa ya kila ugonjwa anadanganya watu. Hata hivyo ni vigumu kueleza kwa nini kaya yenye mboga bora mlangoni iikatae kwa sababu ya utelezi.

Wapo wanaosema kwamba ladha haifundishwi: mtu huzaliwa na anachokipenda. Historia ya Tabora yenyewe inawapinga. Mji huu ulikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na tawi jingine likielekea kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi Novemba 1857 waliwakuta wafanyabiashara Waarabu wamekwisha kujenga, na Stanley alipofika Kwihara mwaka 1871 mji ulikuwa umeshamiri. Misafara haikubeba pembe za ndovu na vitambaa tu. Ilileta pia mpunga, vitunguu, ndimu na maembe, na mpaka leo miembe huonyesha mahali ilipopita njia ile. Wanyamwezi, ambao walikuwa wapagazi mashuhuri wa njia hiyo, walikula vyakula vya kila nchi waliyopita, wakarudi navyo nyumbani.

Mahindi, mihogo, karanga na nyanya asili yake ni Marekani, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho mababu wa kale wa Unyamwezi walikijua. Yaani mlenda wa karanga, ambao leo huitwa chakula cha asili na watu huapa kwa jina la bibi zao, ni jani la hapa lililooana na mbegu ya ugenini. Kuna bibi fulani, jina lake halikuandikwa popote, aliyekuwa wa kwanza kutwanga karanga na kuzitia katika chungu cha mlenda, na bila shaka kuna mtu siku hiyo aliyekunja uso. (Waingereza nao walizitamani karanga, wakaja kuzilima Urambo kwa matrekta kuanzia mwaka 1947, wakashindwa vibaya. Waliosalia na karanga zao ni wale waliozilima kwa jembe.)

Wanaoona haya wangefaa pia kutazama nje ya mipaka. Mmea uleule ambao wengi hapa huuita mlenda huliwa Misri kwa jina la mulukhiya, na huko ni chakula cha heshima, hupikwa kwa supu ya kuku au ya sungura na kitunguu saumu kilichokaangwa. Inasimuliwa kwamba Khalifa al-Hakim, aliyetawala Misri tangu mwaka 996 hadi 1021, aliwahi kuupiga marufuku. Wamisri hawakuuacha. Wayoruba wa Nigeria huuita ewedu nao huula pamoja na ugali wa unga wa viazi vikuu. Wajapani, ambao hawakuujua kabisa, waliuchukua kutoka Misri katika miaka ya 1980 na wakaanza kuulima kama mboga ya afya. Mtu wa Tokyo hulipa fedha nzuri kwa jani ambalo mtoto wa Tabora anafundishwa kulidharau.

Turudi jikoni, maana huko ndiko tatizo lilikoanzia. Watu wengi wanaodai kuuchukia mlenda hawajawahi kuuonja uliopikwa vizuri. Waliuonja katika bweni la shule, umechemshwa tangu asubuhi kwa magadi mengi hadi ukageuka uji mweusi. Magadi hulainisha jani upesi na kulifanya lionekane la kijani, lakini huongeza utelezi na huua vitamini C. Mpishi aliyezidisha magadi amemdhulumu mlaji mara mbili.

Anayetaka kujifunza kuupenda anaweza kufuata njia nyingine. Majani machanga huchumwa asubuhi, huoshwa yakiwa mazima, kisha ndipo hukatwa, tena yasikatwe madogo mno, kwa kuwa kadiri jani linavyosagwa ndivyo utelezi unavyozidi. Maji hutangulia kuchemka. Jani huingia mwisho na kukaa jikoni dakika chache tu. Nyanya zilizoiva au ndimu hupunguza utelezi, jambo ambalo kila mpishi wa bamia analijua. Kwa anayeanza, nusu ya chungu iwe majani ya maboga au ya kunde, na wiki zinavyopita sehemu ya mlenda iongezwe kidogo kidogo. Karanga zilizotwangwa huja mwishoni, na hapa wazee walikuwa na hekima kubwa kuliko walivyojua wenyewe, kwa sababu vitamini A iliyo katika jani haifyonzwi vizuri mwilini pasipo mafuta. Ndimu nayo haitii ladha tu. Madini ya chuma yaliyo katika mboga za majani huingia mwilini kwa shida, na vitamini C ndiyo huyafungulia mlango. Ndimu ya Mwarabu na karanga ya Mmarekani vimekamilisha jani la Mnyamwezi.

Mgagani una kesi yake, nayo ni ya uchungu. Ulimi wa mtoto huusikia uchungu kwa ukali kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo mtoto anayeutema hana utovu wa adabu. Wapishi wa Tabora huutuliza kwa karanga au kwa maziwa, na Wakisii wa Kenya, ambao huuita chinsaga, huuthamini sana. Kwa mboga hizi zote mbili wataalamu wa lishe wamethibitisha jambo ambalo wazazi wenye subira walilijua: mtoto huhitaji kuonjeshwa chakula kipya mara nane, mara kumi, au hata zaidi, kidogo kidogo na bila kulazimishwa, kabla hajakizoea. Kiboko mezani humfundisha kuchukia. Kumwona baba akila kwa hamu humfundisha zaidi kuliko hotuba, na baba anayejitengea nyama huku akiwahimiza wanawe wale mboga asishangae wasipomsikiliza.

Nchi hii iliwahi kulichukua suala la chakula kama kazi ya watu wote. Mwaka 1973, mwaka uleule ilipoundwa Taasisi ya Chakula na Lishe, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili kusikiliza redio katika vikundi na kujadiliana. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Vikundi vile vilikuwa na kasoro zake, lakini vilikuwa na fadhila moja: mboga ya kijijini ilijadiliwa hadharani, na hakuna aliyeona haya kuitaja. Leo mabango ya barabarani hutangaza soda na biskuti, na mlenda hautangazwi na mtu.

Shule zinazotoa chakula cha mchana zinaweza kuanza bila kungoja waraka wowote. Maharage na mahindi ya kila siku yapumzishwe siku mbili kwa wiki, na mlenda au kunde zikipikwa, zipikwe na mtu anayejua, pengine mmoja wa akina mama wa kijiji kilekile ambao kamati ya shule haijawahi kuwauliza neno. Mboga za ziada zikaushwe kivulini. Jua kali huichoma vitamini A, na nsansa iliyoanikwa juu ya bati mchana kutwa imepoteza sehemu kubwa ya faida yake kabla haijafika chunguni.

Mvua za Tabora huanza mwezi Novemba, na mlenda ni miongoni mwa majani ya kwanza kuchipua, shambani na hata kando ya njia ya zamani ya Kwihara. Majani ya wiki hizo za mwanzo ndiyo laini kuliko yote, na kwa mtu asiyeupenda mlenda hakuna msimu mzuri zaidi wa kuanza. Atafute bakuli dogo, ndimu, na konzi ya karanga.