Jasusi wa Ufaransa na Walimu wa Ugogo

Atakayeifungua kwa mara ya kwanza riwaya ya Elizabeth Wein iitwayo Code Name Verity, iliyochapishwa mwaka 2012, hatakosa kumdharau msimulizi wake. Ni msichana wa Kiskoti, jasusi wa Uingereza, aliyetiwa mbaroni na Gestapo mwaka 1943 katika Ufaransa iliyokuwa imetekwa na Wajerumani. Amefungwa katika hoteli iliyogeuzwa gereza, ameuza siri za redio ili arudishiwe nguo zake, na sasa anaandika mengine yote anayoyajua. Kurasa za mwanzo zamwonyesha msaliti mtupu.

Lakini kalamu yake inakwenda upande mwingine. Badala ya kueleza viwanja vya ndege peke yake, anamweleza Maddie, msichana wa watu wa kawaida aliyejifunza urubani, na jinsi wawili hao walivyokuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Karatasi zenyewe ni za kuokoteza: za hoteli, za daktari, hata za muziki. Maungamo yaliyotakiwa na adui yanageuka kuwa wosia kwa rafiki. Mwisho wake hautaelezwa hapa, kwani aliyekwisha kukiazima kitabu hicho asidhulumiwe.

Msomaji wa Kilimatinde, wilayani Manyoni, anayo sababu yake ya kusita kwenye neno hilo “jasusi”. Vita vilipozuka mwaka 1914, wakoloni wa Kijerumani waliwakamata Waingereza waliokuwamo katika himaya yao, wakiwamo wamisionari, na Kilimatinde, juu ya bonde la Bahi, ikawa mojawapo ya mahali pa kuwafungia. Hao walipata taabu, lakini walirudi kwao wakaandika vitabu. Walioumia zaidi ni walimu wa Kiafrika wa misheni za Kiingereza, wa Ugogo na wa upande wa Tanga. Walishutumiwa ujasusi, wakapigwa viboko, wakafungwa minyororo, na wengine wakapelekwa mpaka Tabora. Kosa lao lilikuwa nini? Walijuana na Waingereza waliowafundisha kusoma, na walikuwa watu wa kuandikiana barua. Majeshi ya Uingereza yalifika reli ya kati mwishoni mwa Julai 1916. Tabora ikaangukia mikononi mwa Wabelgiji Septemba mwaka huo huo. Bwana mmoja akaondoka, mwingine akaketi. Mateso ya walimu wale tunayasoma, kwa sehemu kubwa, kwa kalamu za wamisionari.

Hapo ndipo riwaya hii, pamoja na uzuri wake, inapopungukiwa. Inaipenda mno Uingereza ya marubani mashujaa. Haiulizi ni uhuru gani uliopiganiwa na dola ambayo, mwaka huo huo 1943, ilikuwa ikiitawala Tanganyika na kuwapeleka vijana wake vitani. Haina budi kulaumiwa kwa hilo, ingawa lawama hiyo haiwezi kuwa kisingizio cha waandishi wetu.

Maana fasihi ya Kiswahili haina upungufu wa majasusi. Elvis Musiba alitupatia Willy Gamba, kijana hodari anayepambana na maadui wa ukombozi wa kusini mwa Afrika, na vijana wa miaka ya 1970 na 1980 walivisoma vitabu vyake mpaka majalada yakachakaa. Gamba hashindwi. Mwalimu wa Ugogo aliyepigwa ili amtaje mwenzake hakuwa na bastola wala nauli ya ndege. Alikuwa na jina la rafiki yake mdomoni, na askari aliyemsimamia kwa kiboko huenda alikuwa Mwafrika mwenzake. Je, alilitaja? Na kama alilitaja, wawili hao walitazamanaje vita vilipokwisha, katika kijiji kimoja, kwenye kisima kimoja?

Swali hilo halijibiwi kwa nyaraka peke yake. Linataka mtunzi atakayekwenda Kilimatinde na Mpwapwa akakaa na watu, tena upesi, kwa sababu waliowasikia baba zao wakisimulia habari za mwaka 1916 sasa ni wazee sana, na idadi yao yazidi kupungua.