Mwanafunzi wa uuguzi, kibarua na saa zisizohesabiwa

SI jambo la ajabu jijini Dar es Salaam kumkuta mwanafunzi wa uuguzi akihudumia wateja katika kibanda cha wakala wa fedha, sare yake ya wodini ikiwa imekunjwa ndani ya mkoba.

Wapo wanaomshauri aache kibarua asome kwanza. Ushauri huo ni mwepesi kwa asiyelipa ada, chumba na nauli ya daladala. Ni kweli kwamba mwaka 2023 Bodi ya Mikopo ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada, lakini kwa kozi zilizoteuliwa tu. Wengi wa vyuo vya kati wanategemea mfuko wa mzazi, nao una mwisho wake.

Ugumu wa mwanafunzi huyu hauko katika wingi wa masomo pekee. Mwenzake wa uhasibu aweza kuhamia darasa la jioni. Stashahada ya uuguzi, ambayo huchukua miaka mitatu, imejengwa juu ya mafunzo kwa vitendo, yaani zamu za asubuhi, mchana na usiku zinazobadilika. Kibarua kilichoafikiana na ratiba ya wiki hii hugongana na ya wiki ijayo.

Hapa ndipo penye pengo lisilozungumzwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na kwa kawaida humpa mwajiriwa mapumziko ya saa 12 mfululizo kabla ya kurejea kazini. Lakini mwanafunzi aliyeko wodini yuko mafunzoni, si mwajiriwa. Akimaliza zamu ya saa nane kisha akakaa kibandani saa tano, chuo kinaona nane, mwenye kibanda anaona tano. Hakuna aliyevunja sheria, ila mwili uliofanya kazi saa 13 ni mmoja.

Mwaka 1997 watafiti nchini Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa na umakini sawa na mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Tuchukulie binti aliyeamka saa 12 asubuhi, akashinda kibandani, kisha akaingia zamu ya usiku. Ifikapo saa tano usiku ametimiza saa hizo 17, na kabla ya kupambazuka huenda akatakiwa kupima dawa ya mgonjwa. Msimamizi yupo, lakini naye ana wodi nzima.

Kupiga marufuku vibarua hakutasaidia, kwani wanafunzi watavificha tu, kama wengi wanavyofanya sasa. Na si vyote vina hasara. Anayezungumza na wateja wenye hasira kutwa nzima hujifunza uvumilivu ambao mhadhara hauutoi. Chuo kinaweza kuanza kwa kuwauliza wanafunzi bila vitisho nani anafanya kazi na saa zipi, kisha kutoa ratiba ya zamu mwezi mmoja kabla. Hilo halihitaji bajeti. Ratiba inapobandikwa ubaoni Ijumaa jioni kwa wiki inayoanza Jumatatu, mwenye kibanda hapati muda wa kutafuta mtu mwingine, na binti hana la kumwambia isipokuwa kwamba anaumwa.