Kifaru wa Dürer Ana Kosa, Nami Nampenda

Hebu nikuulize: kifaru ana pembe ngapi? Wale wa Mbuga ya Nairobi wana mbili, zote puani. Mimi mwaka jana nilichora kifaru mwenye pembe moja puani na nyingine ndogo, iliyosokotwa, mabegani! Nilikuwa nimenakili kitabu cha maktaba kwa siku tatu, na darasani nikasifiwa kweli kweli. Mjomba wangu, ambaye ni askari wa wanyamapori, alipouona mchoro alicheka hadi akaweka kikombe chini.

"Mpwa wangu, huyu umemwona wapi?"

Nikamjibu kwa majivuno kwamba huyo ni wa Albrecht Dürer, mchoraji mashuhuri wa Ujerumani.

"Na huyo Dürer wako naye alimwona wapi?"

Kumbe hakumwona hata siku moja! Mwaka wa 1515 kifaru mmoja aliletwa kwa merikebu kutoka Bara Hindi hadi Lisbon, akawa mali ya Mfalme Manuel wa Kwanza wa Ureno. Wa huko ana pembe moja tu. Barua na mchoro mdogo vikafika mji wa Nuremberg, na Dürer, akiwa na miaka 44, akachora kutokana na hayo tu. Mchoro ukachongwa ubaoni, ukapigwa chapa, nakala zikaenea Ulaya. Ngozi ni kama deraya ya askari, miguu ina magamba, na hata mwaka ulioandikwa juu, 1513, si sawa. Kifaru mwenyewe, masikini, alizama mwaka wa 1516 akipelekwa kwa Papa Leo wa Kumi.

Sasa hapa chamani tumegawanyika. Wako wanaosema eti mabingwa wa kale hawakosolewi. Wengine, akiwemo rafiki yangu wa dawati moja, wanasema picha ya uongo ni bure kabisa, itupwe. Mimi nawapinga wote.

Sifa za kufumba macho ndizo zilizoiweka ile pembe ya mabegani vitabuni kwa zaidi ya miaka 200. Mwaka ule ule wa 1515 Hans Burgkmair wa Augsburg alimchora kifaru yuyo huyo, bila deraya, akiwa amefungwa miguuni. Wake anafanana zaidi na kifaru wa kweli, lakini inajulikana nakala moja tu iliyobaki. Watu walifuata jina kubwa. Ilibidi kifaru jike aitwaye Clara atembezwe Ulaya, naye Oudry amchore mwaka wa 1749, ndipo kifaru wa Dürer akaanza kupoteza nguvu.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tazama sungura aliyemchora Dürer mwaka wa 1502. Huyu alimwona. Unyoya mmoja mmoja umewekwa mahali pake, na ndani ya jicho kuna mwanga wa dirisha! Mkono huo huo ndio uliomchora kifaru. Uliokosekana ni mnyama mbele yake. Hata ile deraya haikutoka hewani, kwa maana kifaru wa Bara Hindi ana mikunjo mikubwa ya ngozi. Nami niliyenakili kwa siku tatu, nikifuta mguu wa mbele mara nne, najua kwamba hakuna mstari uliowekwa ovyo. Ni kazi ya mtu aliyetamani kuona akashindwa kufika. Rafiki yangu wa dawati hajawahi kuinakili, ndiyo maana anaongea hivyo.

Kusema kweli, mwenye kosa zaidi ni mimi. Dürer alikuwa mbali na Lisbon. Mimi kutoka kwetu hadi lango la mbuga ni matatu moja, na mjomba yuko huko huko, lakini nikaenda maktaba! Walionisifu walisifu mkono, hawakuuliza macho yalikuwa wapi.

Likizo ya Agosti nikaenda na mjomba. Kifaru alitupa mgongo karibu saa nzima, halafu akageuka kidogo, halafu akaingia vichakani. Mhariri amekubali kuichapa michoro yangu yote miwili. Wa pili ni mbaya, mguu wa nyuma umekuwa kama gogo, lakini pembe ni mbili na zote ziko puani.