Jina la Mkwawa Lilianzaje?

Majina ya ukoo huku kwetu Nyanda za Juu Kusini yana asili nyingi. Kule Rungwe na Kyela, mkoani Mbeya, asili yake haijifichi: Mwaipopo, Mwakyusa, Mwakipesile. Hiyo "Mwa" maana yake ni mwana wa fulani. Mwezi huu twende Iringa, tutazame jina lenye watu wachache lakini linalojulikana nchi nzima: Mkwawa.

Baba wa mtawala huyo wa Wahehe hakuitwa Mkwawa. Aliitwa Munyigumba, akafariki mwaka 1879. Mwanawe ndiye aliyepewa jina la sifa, Mkwavinyika, yaani mtwaaji wa nchi. Kwa kifupi wakamwita Mkwava, na Wahehe bado hulitamka hivyo. Wajerumani, aliowashinda pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, huandika sauti ya "v" kwa herufi "w". Sisi tukaisoma herufi hiyo kwa Kiswahili, na Mkwava akawa Mkwawa.

Alijiua mwaka 1898 asitiwe mikononi mwa adui. Jina je? Mwanawe aliitwa Sapi, na mjukuu wake Adam Sapi Mkwawa: jina lake, la baba, la babu. Huyu ndiye aliyepokea fuvu la babu yake pale Kalenga mwaka 1954, na mwaka 1962 akawa Spika wa kwanza Mwafrika wa Bunge letu. Kwa desturi ya majina matatu, watoto wake wangeishia kwenye Sapi, na Mkwawa lingeachwa nyuma. Familia haikukubali. Jina la sifa la mtu mmoja likawa jina la ukoo.

Mama, hapa tuna la kujifunza. Tukiandikisha jina la mtoto, la baba na la babu basi, kila kizazi kinaangusha jina moja. Baada ya muda mfupi wajukuu wa ndugu wawili wanakutana chuoni, wanapendana, wala hakuna jina la kuwashtua kwamba ni damu moja. Tena karani huandika anavyosikia. Cheti cha kuzaliwa kikisema hivi na cha shule vile, kijana atahangaika siku ya kutafuta kazi au kudai urithi wa baba yake.

Basi usingoje msiba ndipo uulize. Kaa na mama mkwe wako ungali unaye. Muulize jina la ukoo ni lipi, nani alilianzisha, maana yake nini, na linaandikwaje. Uliza na upande wa baba yako pia, maana watoto wako ni wa huko vilevile. Andika yote katika daftari, ulitunze pamoja na kadi za kliniki na vyeti vya ubatizo. Na karani akishaandika, soma kabla hujaondoka dirishani.