Mwizi Asiyevunja Mlango

Juma lililopita nilivuka Mto Pangani kwa kivuko cha Bweni, nikashika njia ya mashamba ya mkonge hadi Mwera. Nilikwenda kwa shughuli nyingine kabisa, lakini habari niliyorudi nayo ni hii.

Yupo mama mmoja kijijini hapo ambaye wenzake kumi na wawili walimfanya kijumbe wa mchezo wao. Kila mwezi kila mmoja humtumia kwa simu shilingi 20,000, naye humkabidhi mwenye zamu. Siku moja, michango ilipokuwa imetimia, alipigiwa simu na kijana mwenye adabu nyingi. “Shikamoo mama,” akasema, kisha akamtaja kwa jina lake kamili. Alidai kuwa ni mfanyakazi wa kampuni ya simu, kwamba usajili wa laini ya mama ulikuwa na kasoro, na kwamba usiporekebishwa papo hapo laini ingefungwa pamoja na fedha zilizomo.

Mama akaingiwa na hofu. Akaambiwa abonyeze hiki, kisha kile, aandike tarakimu hizi, na mwisho atie namba yake ya siri. Akafuata. Kumbe alikuwa akimtumia tapeli fedha za wenzake kwa mkono wake mwenyewe.

Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoingia nchini mwaka 2008, simu imekuwa mkoba wa mfanyakazi. Kupe nao wameufuata mkoba huo. Lakini mwizi huyu havunji mlango. Hubisha hodi kwa heshima, nasi tukamfungulia.

Ni vema tuzijue mbinu zake. Kulijua jina lako si ajabu: mtu akianza tu kutuma fedha kwenye namba yako, simu humwonyesha jina la mwenye namba. Ujumbe usemao “ile hela tuma kwenye namba hii” hutumwa kwa watu wengi, ukimtafuta yule mmoja ambaye kweli anadaiwa. Na anayekuambia kuwa fedha zake zimeingia kwako kwa makosa, usimrudishie kwa kuusoma ujumbe peke yake, maana ujumbe huweza kughushiwa. Tazama kwanza salio lako, kisha umwelekeze kwa kampuni yake ya simu. Wote hao silaha yao ni moja, nayo ni haraka. Ukiharakishwa, kata simu.

Namba ya siri usimpe mtu yeyote, hata wakala, hata anayejiita mfanyakazi wa kampuni. Wenye kadi za benki nao wasiiache kadi ipotee machoni mwao, wala wasimtajie mtu tarakimu tatu zilizo nyuma yake. Unaposajili laini, usikubali kuwekeshwa kidole mara kwa mara bila maelezo, kwani laini nyingine yaweza kusajiliwa kwa jina lako. Bonyeza *106# uone ni namba ngapi zinazobeba jina lako.

Na ukiisha kuibiwa? Katika nchi kama Marekani, mwenye kadi ya mkopo ambayo imetumiwa na mwizi hulindwa na sheria asidaiwe zaidi ya dola 50, kwa kuwa fedha iliyoguswa ni ya benki. Mkoba wetu wa simu si hivyo. Humo mna fedha taslimu, nazo zikifika kwa tapeli hutolewa kwa wakala kwa muda mfupi sana. Kwa hiyo dawa ni wepesi. Piga namba 100 mara moja, ueleze namba ya muamala na uombe fedha izuiwe huko ilikokwenda. Badili namba ya siri. Kama simu imeunganishwa na benki, waarifu benki. Usifute ujumbe wowote, bali nenda nao kituo cha polisi. Namba ya tapeli itume kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano, ili asimwibie na mwingine.

Mama wa Mwera hakufanya hata moja la hayo. Aliona haya. Siku mbili alipika, akafagia, akalala macho wazi, wala hakumwambia hata mumewe. Alijificha kana kwamba mwizi ni yeye. Siku ya tatu mwenye zamu alipobisha hodi, ndipo machozi yakamtoka na habari ikajulikana. Walipopiga simu, fedha ilikuwa imekwisha kutolewa. Mumewe hakumgombeza. Alisema tu, “Ungeniambia saa ile ile.”

Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Tapeli huiba mara mbili: kwanza fedha, kisha sauti ya aliyeibiwa. Hiyo ya pili hawezi kuiba bila sisi kumsaidia kwa kumcheka na kumwita mjinga mwenzetu aliyepatwa. Katika nyumba zetu na iwe rahisi kusema, “Nimeibiwa,” kama ilivyo rahisi kusema, “Nina homa.”

Wale akina mama kumi na wawili hawakumvua ukijumbe. Walikubaliana alipe kidogo kidogo, na siku hiyo hiyo kila mmoja akaiandika namba 100 ukutani kwake.

Tukutane Jumapili ijayo.