Vyuo vijibu barua za wataalamu wetu

Nina dukuduku juu ya vijana wetu wanaosomea tiba ya viungo, wakafaulu, kisha wakaenda nchi za nje kutafuta kazi na kukwama mlangoni kwa ajili ya karatasi. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Kojani, kisiwa kidogo kilicho mashariki ya Pemba, katika Wilaya ya Wete. Si daktari wala mwanasheria. Ninayoyaeleza nimeyaona katika nyumba yetu, na mengine nimeyajua kwa sababu kwa muda wa miaka miwili nimekuwa mwandishi wa barua za mdogo wangu.

Mdogo wangu huyu ni mtoto wa mama mdogo. Baba yake ni mvuvi, kama walivyo wanaume wengi wa hapa, wale wanaokwenda dago mpaka Mafia na pwani ya Kenya. Yeye alipenda kusoma. Akaenda kuchukua shahada ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, katika chuo kimoja cha nchi jirani ambacho sitakitaja. Alisoma miaka minne, akarudi na cheti chake. Wazee wa hapa wakamwita "mkandaji wa serikali", naye akicheka tu, ingawa serikali ilikuwa haijamwajiri.

Yafaa nieleze kazi yenyewe, maana wengi hudhani ni kukanda kwa mafuta. Darasani kwangu palikuwa na mtoto mwenye mtindio wa ubongo, miguu yake ikipishana kama mkasi. Mama yake alimbeba mgongoni kuja skuli mpaka darasa la pili. Mdogo wangu alikuwa akienda kwao kila alasiri. Hakumpa kidonge hata kimoja. Alimfundisha yule mama namna ya kuinyoosha misuli ya mapaja na ya kifundo cha mguu, polepole, bila ya kumuumiza mtoto. Akachomeka fito mbili uani, sambamba, mtoto ashike huku na huku na kupiga hatua katikati. Baada ya mwaka mmoja mtoto huyo aliingia darasani mwenyewe kwa magongo. Siku hiyo sikuweza kusomesha. Watoto wote walikuwa wakimtazama yeye, na mimi pia.

Vile vile tuna jirani aliyepatwa na kiharusi upande wa kulia. Alifundishwa kuinuka kitandani kwa kujigeuza ubavu kwanza, na kuvaa shati kwa kuanza na mkono ulio mgonjwa. Mambo madogo, lakini mtu mzima aliyekuwa akivalishwa na wakwe zake akapata kustirika mwenyewe. Kwa mgonjwa wa Kojani kuifuata tiba hii hospitali ni kubebwa mpaka chomboni, kuvuka maji, kubebwa tena mpaka garini, kisha safari ya Wete au Chake Chake. Na tiba ya viungo si ya kwenda mara moja. Katika msimu wa karafuu wapo pia wanaoanguka mitini na kuvunjika miguu na migongo. Hapana shaka kazi ipo tele.

Lakini kazi kuwapo ni jambo moja, na nafasi ya kuajiriwa ni jambo jingine. Kwanza ilibidi shahada yake itambuliwe nyumbani. Shahada za nje hutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na kwa kuwa afya si jambo la Muungano, Zanzibar ina wizara yake na taratibu zake za kusajili wataalamu. Hilo ni sawa. Kilichomchelewesha ni chuo chake, ambacho kilichukua miezi minane kutoa maelezo ya masomo aliyosoma na saa alizofanya kazi wodini. Baadaye alijitolea katika hospitali moja kwa miaka miwili bila ya mshahara, akingojea ajira. Hakuandikiwa mkataba. Alikuwa akiweka saini katika daftari la mahudhurio, na daftari lilipojaa likawekwa alikokujua karani peke yake.

Ndipo akaamua kwenda Oman. Kwa mtu wa Pemba Muscat si ugenini. Mitaa mingi ya hapa ina mtu mwenye shangazi au mjomba kule. Mama mdogo aliuza bangili zake mbili, na wavuvi wa chombo cha baba yake wakachanga kutoka katika mgao wa samaki. Sisi tulidhani mtu akishakuwa na shahada atavaa koti jeupe na kuanza kazi. Hatukujua.

Oman, kama nchi nyingine za Ghuba, haimruhusu mtu aliyesomea nje kumgusa mgonjwa kabla ya kupewa leseni, na haiamini cheti anachokuja nacho mkononi. Vyeti hupelekwa katika kampuni iitwayo DataFlow, nayo humwandikia moja kwa moja kila aliyevitoa. Chuo huulizwa: huyu mlimsomesha? Mwajiri huulizwa: huyu alifanya kazi kwenu, tangu lini mpaka lini? Waliomsajili huulizwa kama leseni yake ni ya kweli na kama ana doa lolote. Mwenye cheti hawezi kujibu kwa niaba yao, hata akiwa amekaa kizingitini pa chuo. Mtihani wa kompyuta upo pia, na mdogo wangu aliuogopa sana akausomea usiku na mchana. Lakini kilichomwangusha hakikuwa mtihani. Chuo hakikujibu. Ripoti ikarudi kuwa haikuwezekana kuthibitisha. Akalipa tena, ikaulizwa tena, kimya tena. Hospitali aliyojitolea ilijibu kwamba haina kumbukumbu ya mwajiriwa wa jina hilo, na kwa kweli haikusema uwongo, kwani hakuwa mwajiriwa.

Mimi nimekiandikia chuo hicho barua saba. Moja nilivuka nayo mpaka Wete nikaitia posta kwa rejista. Nimepiga simu, nikaambiwa mhusika ametoka. Nimepiga baada ya mwezi, mhusika yuko likizo. Mara moja alinijibu dada mmoja kwa upole kabisa, akaniambia, "Mwalimu, barua ziko nyingi, na hapa aliyekuwa akizijibu alistaafu." Nilimshukuru, kwa kuwa huyo peke yake ndiye aliyenieleza ukweli.

Sasa mdogo wangu yuko Muscat katika nyumba ya mzee mmoja mgonjwa. Anamwogesha, anamgeuza kitandani asipate vidonda, anamlisha. Mara mbili kwa wiki huja mtaalamu wa viungo mwenye leseni, naye mdogo wangu husimama pembeni akashika taulo. Wenye nyumba ni watu wema na mshahara wanalipa kwa wakati. Lakini haruhusiwi kujiita mtaalamu, na akithubutu kumfanyia mzee yale aliyosomea, atakuwa amevunja sheria ya nchi ya watu. Mikono iliyomsimamisha mtoto wa Kojani kwa miguu yake inashika taulo.

Ndugu Mhariri, siwalaumu Waomani. Hata mimi, akija mtu na karatasi kusema ni mwalimu, sitampa darasa la kwanza kabla skuli haijajua alisomea wapi. Mgonjwa aliyevunjika shingo akinyooshwa na asiyejua, anaweza kupooza. Kwa hiyo kila nchi ina mlango wake. Uingereza, jina la mtaalamu wa fiziotherapia linalindwa na sheria, na anayelitumia bila ya kusajiliwa na baraza linalohusika hushtakiwa. Mtu wa nje hupimwa masomo yake aliyosoma na saa zake za wodini, na yule ambaye Kiingereza si lugha yake huombwa ushahidi. Kwa mtihani wa IELTS ni alama 7.0 kwa jumla, na hakuna sehemu iliyo chini ya 6.5. Marekani ni kugumu zaidi, kwa sababu kule anayeanza kazi hii husomea mpaka shahada ya udaktari wa fani hiyo. Aliyetoka nje hukaguliwa somo kwa somo kulinganishwa na wao, kisha hufanya mtihani wa taifa ambao alama ya kufaulu ni 600 katika kipimo cha 200 mpaka 800, na leseni hutolewa na kila jimbo peke yake. Asiyefaulu mara sita haruhusiwi kuurudia tena maisha yake yote.

Milango hiyo haifanani, lakini utaona wote wanauliza kitu kimoja, nacho hakimo mkononi mwa kijana. Wanataka kusikia kutoka kwa aliyemsomesha.

Najua wapo watakaosema, "Mwalimu huyu anataka tuwasaidie wataalamu wetu wakimbie." Mama mmoja wa hapa aliniambia hivyo hivyo kwa ukali, na haki anayo, kwa sababu ni jirani wa yule mtoto wa magongo. Jawabu langu ni kwamba barua isiyojibiwa haikumrudisha mdogo wangu Kojani. Ilimtoa kwetu na isimfikishe kwao. Kojani haina mtaalamu, na Muscat nako hawakumpata mtaalamu. Wamempata mtu wa kuogesha wazee. Tena dunia imekwisha kuweka breki ya uhamaji huu. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni za kuajiri watumishi wa afya kutoka nchi nyingine, na katika orodha yake ya mwaka 2023 ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi hao Tanzania imo. Kwa sababu hiyo waajiri wa Uingereza hawatakiwi kuja hapa kuwashawishi wetu waondoke, ingawa mtu akiomba mwenyewe hakatazwi. Hiyo ni breki iliyowekwa kwa kufikiri. Saraka ya karani si breki.

Na karatasi ya kuondokea ndiyo hiyo hiyo karatasi ya kurudia. Nimekwisha kusema kwamba alipotaka kusajiliwa nyumbani alikwama miezi minane kwa chuo hicho hicho. Siku akitaka kurudi na uzoefu wa hospitali za Oman, ataulizwa tena.

Kenya ilitunga Sheria ya Wataalamu wa Fiziotherapia mwaka 2014 na kuwaundia baraza lao. Uganda ina baraza la wataalamu wa fani za afya kwa sheria ya mwaka 1996. Mwaka 2021 Kenya ilitiliana saini na Uingereza mapatano juu ya watumishi wa afya, kwa hiyo muuguzi wa Kenya anayekwenda kule ana serikali mbili zinazojua anakokwenda. Sisi wenyewe tunaufahamu utaratibu wa namna hiyo: madaktari wa Kichina kutoka jimbo la Jiangsu wanaokuja kutibu Pemba huja kwa mapatano ya serikali na serikali, na hakuna hata mmoja aliyeuza bangili za mama yake ili cheti chake kithibitishwe. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza Julai 2010, na mkataba wake unazitaka nchi kutambuliana sifa za elimu na za kazi. Wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi walitangulia kutiliana saini. Tiba ya viungo nayo inangoja nini?

Lakini hata kabla ya mapatano makubwa, lipo dogo linaloweza kufanywa wiki hii bila ya fedha nyingi. Kila chuo kiwe na mtu mmoja, anayejulikana kwa cheo, wa kujibu barua za uthibitisho, na akistaafu awekwe mwingine. Kijana anapomaliza, akabidhiwe pamoja na cheti maelezo kamili ya masomo yake na saa zake za wodini, yakiwa na muhuri, badala ya kuyatafuta miaka sita baadaye wakati mafaili yameliwa na mchwa. Hospitali inayompokea wa kujitolea imwandikie alianza lini, alimaliza lini na alifanya nini, na ibakishe nakala. Mimi rejista ya darasa langu naijaza kila asubuhi kwa watoto wote, na mkaguzi akija ataiona. Sioni kwa nini chuo kikuu kishindwe.

Yule mtoto sasa yuko darasa la tano. Amerefuka, na mdogo wangu ananieleza kwa simu kwamba mifupa ikirefuka misuli hukaza tena, kwa hiyo mazoezi ya zamani hayatoshi. Huwa nampiga picha akitembea, nampelekea Muscat, na usiku mzee akishalala mdogo wangu hutuma maelekezo kwa sauti, nami nampelekea mama. Sina hakika kama navyoshika goti ndivyo. Chuo kile kina barua zetu saba, na katika ya mwisho nimeandika namba yangu ya simu juu ya bahasha ili mhusika asipate tabu hata ya kuifungua. Je, wahusika mnasemaje?

Mwalimu wa Skuli ya Msingi,
Kojani, Pemba.